Hedhi kukoma kabla ya miaka 40 na tiba ya Kichina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mkalimani wa wagonjwa Guangzhou, na nimeifanya kazi hii muda mrefu kiasi kwamba wengine wameanza kuniita daktari. Si daktari. Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti cha tatu, kati ya mgonjwa aliyetoka Dar, Mombasa au Bukavu na mtu aliyevaa koti jeupe, nikigeuza "figo zako zimechoka" iwe maneno ambayo mtu anaweza kurudi nayo nyumbani. Maswali haya nimeulizwa kwenye korido, ndani ya teksi na kwa WhatsApp usiku wa manane, na wanawake ambao hedhi zimewakimbia wakiwa na miaka 27, 31, 38.

Tatizo lenyewe ni lipi? Ndiyo ukomo wa hedhi wa kawaida umewahi tu?

Linafanana nao lakini si huo. Wanawake wengi hufika ukomo wa hedhi wakiwa na miaka kati ya 45 na 55. Ovari zikilegea au kuacha kazi kabla ya 40, madaktari wanaliita jambo hilo upungufu wa mapema wa ovari (kwa Kiingereza POI) na kulitibu kivyake. Kwa mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya wa 2024, dalili ni hedhi kuvurugika au kukosekana kwa miezi 4 au zaidi, pamoja na homoni ya FSH kupanda kupita 25. FSH inatoka kwenye ubongo kwenda kuziamsha ovari. Zisipoitika, ubongo unatuma nyingi zaidi. Kwa hiyo namba kubwa maana yake hodi zinapigwa na mwenyeji hafungui. Daktari akiwa na shaka, hurudia kipimo baada ya wiki 4 hadi 6.

Zamani ilikadiriwa kwamba linampata mwanamke 1 kati ya 100. Mwongozo huo wa 2024 unataja asilimia 3.5, yaani karibu 1 kati ya 30. Sababu zinazojulikana ni pamoja na dawa na mionzi ya saratani, upasuaji wa ovari, kinga ya mwili kushambulia mwili wenyewe, na kasoro za kromosomu kama ile ya Turner, ambapo msichana huzaliwa na kromosomu ya X pungufu. Wengi hupimwa kila kitu na sababu isionekane.

Lakini kabla hujajipa jina hilo, hakikisha huna mimba, tezi ya shingo ipimwe, prolaktini (homoni ya maziwa) ipimwe, na kumbuka ulichoma sindano ya uzazi wa mpango lini. Nimemwona dada aliyesafiri kutoka Afrika hadi China kwa hedhi iliyopotea, kumbe alikuwa amechoma sindano ya miezi mitatu kwa miaka miwili mfululizo na hakuna aliyemwuliza.

Wachina wa kale waliujua ugonjwa huu?

Hali waliijua, ovari hawakuzijua. Sura ya kwanza ya Huangdi Neijing, kitabu chao kikongwe cha tiba kilichokusanywa takriban miaka 2,000 iliyopita, inahesabu umri wa mwanamke kwa saba saba. Miaka 7, meno yanabadilika na nywele zinakua. Miaka 14, kinafika kitu kinachoitwa tiangui, mishipa miwili iitwayo Ren na Chong inafunguka na kujaa, hedhi inashuka kwa wakati wake na binti anaweza kuzaa. Miaka 28, mifupa na misuli iko imara, nywele zimefika urefu wake wote. Miaka 35, uso unaanza kunyauka na nywele kudondoka. 42, mvi. 49, saba ya saba, tiangui inakauka na njia inafungwa.

Huyo aliyehesabu hakuwa na maabara, na bado hakukosea sana.

Tiangui ilinisumbua kuitafsiri. Gui ni ya mwisho kati ya alama kumi za kale za kuhesabia, na asili yake ni maji. Tian ni mbingu. Mwanzoni nilikuwa nasema "homoni", kwa sababu mgonjwa anaelewa haraka. Daktari mmoja mzee anayejua Kiingereza kidogo alinikatiza: homoni inapimwa kwa damu, tiangui haipimwi. Tangu hapo nasema "maji ya mbinguni" halafu naeleza. Ovari yenyewe wanaiita luanchao, kiota cha mayai, na hilo ni neno la tiba ya kisasa. Hedhi ni yuejing, na yue ni mwezi. Bibi yangu wa Tanga aliyekuwa akisema "niko mwezini" angeelewana nao bila mkalimani.

Mwanamke ambaye damu ilikoma kabla ya saba ya saba alikuwa na majina mawili: damu iliyokauka, au damu iliyozibwa. Zhang Jingyue, tabibu aliyeishi kati ya 1563 na 1640, alisisitiza sana tofauti hiyo. Mto ulioziba unazibuliwa. Mto uliokauka ukiuzibua hupati kitu, unazidi kuuharibu. Huo unatakiwa kujazwa. Ningependa kila anayeuza "dawa ya kufungua hedhi" sokoni na mtandaoni alisome neno hilo moja tu la mwaka wa elfu moja mia sita na kitu.

Kwa nini kila daktari wa Kichina ananiambia "figo"? Figo zangu nimepima ni nzima!

Ni nzima kweli. Nilishawahi kumtamkia mgonjwa neno hilo bila maelezo akaanza kulia pale pale kitini. Alidhani anaambiwa aanze kusafishwa damu kwa mashine. Kosa lilikuwa langu.

Figo kwa maana yao, shen, ni ghala zaidi ya kiungo. Ndani yake inakaa jing, asili uliyopewa na wazazi ulipotungwa. Fikiria mahindi ya mbegu ambayo bibi alikuwa akiyatundika darini juu ya moshi wa jiko. Chakula cha kila siku kinatoka kwingine, mbegu haiguswi. Jing ndiyo mbegu hiyo. Inatumika kidogo kidogo kwa kukua, kwa hedhi, kwa kuzaa, na ikiisha mapema, mwanamke anafika 49 akiwa na 33.

Wakishasema figo, wanagawa: yin ni upande wa maji na ubaridi, yang ni upande wa moto. Upungufu wa yin ya figo ni kupandwa na joto ghafla, jasho la usiku, koo kavu, usingizi wa kuruka ruka, ulimi mwekundu usio na utando. Upungufu wa yang ni baridi ya miguu, kiuno kuuma, mkojo wa usiku, ulimi mweupe uliovimba. Wengine wana vyote viwili. Ini linaingia pale penye hasira na huzuni zilizomezwa, wengu pale penye mwili uliochoka na damu kidogo. Ndiyo maana wanawake wawili wenye FSH ileile hutoka na karatasi mbili za dawa zisizofanana.

Nimeambiwa mawazo ndiyo yamekausha hedhi yangu. Ni kweli?

Hapa nina ugomvi nao kidogo.

Wazo hilo lina mwenyewe. Fu Qingzhu, aliyeishi kati ya 1607 na 1684, ana sura nzima yenye kichwa ambacho ukikitafsiri ni "umri bado, maji ya mwezi yamekatika". Anasema watu wanadhani ni damu iliyozibwa, kumbe ni qi, yaani nguvu ya uhai, ya moyo, ini na wengu iliyofungika kwa majonzi, hivyo haiwezi kuisaidia figo, na hedhi chanzo chake ni figo. Dawa aliyoiandika, Yijing Tang, ina mizizi ya kuijaza figo na wengu, na ndani yake kuna mzizi uitwao chaihu, kidogo, wa kulifungua ini. Nimesikia madaktari wa leo wakiitaja kama vile mwandishi wake amehamia mtaa wa pili jana.

Kwa karne ya 17, ni kitu kizito: mwanamume anakaa na kuandika kwamba huzuni ya mwanamke ni jambo la tiba. Mgonjwa akiulizwa kwa mara ya kwanza "unalala vipi, nyumbani kukoje, nani anakusema?", mara nyingi machozi yanatoka kabla sijamaliza kutafsiri. Hospitali aliyotoka alipewa dakika tatu.

Lakini pindua upande wa pili. Mwanamke anatoka pale akiamini kwamba amejiua ovari mwenyewe kwa kuwaza. Akirudi nyumbani wifi anamalizia: "Si tulikwambia upunguze kazi?" Kasoro ya kromosomu haitokani na kuwaza. Dawa za saratani hazikuuliza ulikuwa na furaha au la. Msongo mkali unaweza kusimamisha hedhi, ndiyo, hasa ukiambatana na kukonda sana, ila hapo FSH huwa ya kawaida au iko chini, kwa sababu ni ubongo ulioacha kupiga hodi. Ni jambo jingine kabisa. Ukiambiwa ni mawazo, uliza: FSH yangu ni ngapi?

Nikiingia kwa daktari, atanifanyia nini?

Kwenye meza kuna mto mdogo wa kitambaa. Unalaza mkono, kiganja juu, naye anaweka vidole vitatu kwenye mshipa wa kifundo, kila kidole na kazi yake. Kile kilicho mbali zaidi na kiganja kinasikiliza figo. Anakaa kimya, anabonyeza, analegeza, kisha anageukia mkono wa pili. Mshipa "mwembamba kama uzi, wa ndani sana" ndio ninaoutafsiri mara nyingi kwa wanawake wa tatizo hili.

Halafu anaomba ulimi. Asubuhi hiyo usiusugue kwa mswaki, na usinywe kahawa. Dada mmoja wa Unguja alikuwa amekula ubuyu wa rangi kwenye teksi, ule mwekundu wa nyumbani uliokuja kwenye begi. Daktari akaandika "joto kali ndani" na tukacheka wote watatu nilipoeleza ubuyu ni nini.

Baada ya hapo ni maswali. Damu ya mwisho ilikuwa nyekundu au nyeusi, ina mabonge? Unaamka mara ngapi kukojoa? Jasho linaanzia kifuani au kichwani? Na jambo ambalo watu wa kwetu hawalitarajii: kwenye hospitali kubwa za tiba ya Kichina daktari huyohuyo anaandika vipimo vya FSH, estrojeni na AMH (homoni inayoonyesha akiba ya mayai), na anakutuma altrasaundi kuhesabu vifuko vya mayai. Haoni ugomvi kati ya mshipa na maabara. Ugomvi huo mara nyingi tunausafirisha sisi.

Ataandika dawa gani?

Mara nyingi mchanganyiko wa vitu 10 hadi 15. Dirishani mfamasia anavuta droo za mbao, anapima kwa mizani, anamwaga kwenye karatasi zilizotandazwa, karatasi moja kwa siku. Kuna shudi, mzizi uliopikwa kwa mvuke na kuanikwa mara nyingi mpaka unakuwa mweusi na kunata kama ukwaju uliokandwa. Zhang Jingyue niliyemtaja aliupenda mno hadi watu wakambandika jina la Zhang Shudi. Kuna danggui, wa ukoo mmoja na karoti na giligilani, na harufu yake inakaa kwenye nguo siku nzima. Kuna tunda dogo jekundu la gouqi na mbegu za tusizi.

Unaloweka nusu saa, unachemsha kwenye chungu cha udongo, si sufuria ya chuma, unachuja, unatia maji tena na kuchemsha mara ya pili, unachanganya, unakunywa nusu asubuhi na nusu jioni. Ladha ni ya udongo wenye sukari iliyoungua. Siku hizi hospitali nyingi zinakuchemshia kwa mashine na kukupa pakiti, au unga wa kukoroga.

Majina ya michanganyiko yana historia ya kufurahisha. Liuwei Dihuang Wan, vidonge ambavyo utavikuta kila duka la dawa la China, vimetoka kwa Qian Yi, tabibu wa watoto, kwenye kitabu cha 1119. Vilikusudiwa watoto waliochelewa kukua. Zuogui Wan, ya wenye upungufu wa yin, ilijengwa juu ya huo. Erxian Tang, ambayo wauzaji hupenda kuiita siri ya mababu, ilitungwa Shanghai miaka ya 1950.

Ya kale kuliko zote kwa hedhi iliyokauka iko ndani ya Huangdi Neijing yenyewe: mfupa wa ngisi sehemu nne, mzizi wa rangi nyekundu sehemu moja, vinafinyangwa kwa mayai ya shomoro kuwa vidonge, vinashushwa na mchuzi wa konokono wa baharini. Mfupa wa ngisi ni ule mweupe mwepesi ambao watoto wa pwani wanauokota ufukweni na kuuchezea kama mtumbwi.

Na sindano?

Ni nyembamba kama unywele na hazina dawa ndani. Kwa tatizo hili huchomwa chini ya kitovu, ndani ya mguu juu ya kifundo, chini ya goti na kiunoni, dakika 20 hadi 30, mara mbili tatu kwa wiki, kwa miezi. Pengine zinaunganishwa na umeme mdogo unaofanya msuli uruke ruke. Haziumi kama unavyofikiri, isipokuwa ya mguuni. Hakikisha ni za kutumia mara moja na zinafunguliwa mbele yako.

Sasa sema ukweli: zinarudisha ovari? Nitapata mtoto?

Hakuna mtu aliyethibitisha kwamba mitishamba au sindano zinatengeneza mayai mapya. Huo ndio ukweli, na daktari mzuri wa Kichina anakwambia hivyo hivyo, ila kwa maneno laini zaidi.

Utaonyeshwa tafiti za China zinazosema FSH imeshuka na hedhi imerudi. Zipo nyingi. Shida ni kwamba nyingi zina watu wachache, zinafuatilia miezi mitatu tu, na mgonjwa anajua kabisa anapewa nini. Halafu ovari za ugonjwa huu zina tabia ya kusinzia na kuzinduka zenyewe: FSH inapanda mwezi huu, inashuka ujao. Takriban wanawake 5 kati ya 100 hupata mimba bila msaada hata baada ya kuambiwa jibu. Aliyekuwa anakunywa chungu cha dawa mwezi huo atakisifu chungu. Na ukipewa mitishamba pamoja na vidonge vya homoni, damu ikaja mwisho wa pakiti, hiyo ni kazi ya vidonge.

Tafiti kubwa na makini zipo kwa matatizo ya jirani. Mwaka 2017, wanawake 1,000 wa China wenye ovari za vifuko vingi walifuatiliwa, na sindano hazikuongeza watoto waliozaliwa. Mwaka 2018, Australia na New Zealand, wanawake 848 waliokuwa wakipandikizwa mimba walichomwa sindano za kweli au za kuigiza: waliozaa walikuwa asilimia 18.3 kwa 17.8, yaani hakuna tofauti. Mwaka 2016, Australia tena, wanawake 327 wenye joto la ukomo wa hedhi, wote wakiwa wamepimwa kwa jicho la Kichina na kukutwa na upungufu wa yin ya figo, walipata nafuu ya karibu asilimia 40. Waliochomwa za uongo walipata nafuu ileile.

Mimi utafiti huu wa mwisho naupenda, kwa sababu unasema mambo mawili. Ncha ya sindano haikuwa na ajabu. Lakini kulala nusu saa mahali patulivu, mara kwa mara, mbele ya mtu anayekusikiliza, kunapunguza joto na kuleta usingizi. Nimewaona wakitoka wamechangamka. Sitamnyang'anya mtu hilo, mradi hadanganywi kuwa amenunua mayai.

Kwa mtoto, njia yenye matumaini makubwa zaidi ni upandikizaji kwa yai la mwanamke mwingine. Kwa familia nyingi hilo ni gumu, na kwa Waislamu wengi wa Sunni ni haramu. Bora ulijadili mapema kuliko kupoteza miaka minne kwenye chungu.

Naweza kuacha vidonge vya homoni nikitumia ya Kichina?

Usiache. Hili ndilo swali ninalojibu nikiwa nimesimama.

Estrojeni si ya mtoto tu. Mwanamke wa miaka 30 asiye nayo mifupa yake inakonda, moyo na mishipa ya damu vinapoteza ulinzi, uke unakauka, tendo linauma. Ndiyo maana mwongozo unataka arudishiwe homoni hadi umri ambao ukomo ungekuja wenyewe, karibu miaka 50, isipokuwa akiwa na sababu ya kumzuia kama saratani ya matiti. Mwenye mji wa mimba hupewa estrojeni pamoja na projesteroni. Kumrudishia kijana kile ambacho mwili ulipaswa kuwa nacho si sawa na kumwongezea mama wa miaka 65, kwa hiyo usitishwe na habari zilizoandikwa kwa ajili ya huyo mama.

Tena vidonge hivyo si vya kuzuia mimba. Wale 5 kati ya 100 wapo.

Mitishamba ni ya asili, si haina madhara?

Leigongteng ni mmea wa Kichina unaotumika kwa baridi yabisi, na madhara yake yanayojulikana ni kukausha hedhi na kuziumiza ovari. Ni wa asili kabisa. Mwanamke anayetibiwa viungo kwa tiba ya Kichina na hedhi ikapotea, aanze kuukagua huo kwenye karatasi yake.

Heshouwu, inayouzwa kwa wingi kwa kurudisha nywele na "kuijaza figo", imeharibu maini ya watu. Danggui inagombana na warfarini ya kuyeyusha damu. Licorice ya kwenye michanganyiko ikizidi inapandisha presha. Na kuna kisa cha Brussels mwanzoni mwa miaka ya 1990: kliniki ya kupunguza unene ilitumia mmea uitwao fangji, lakini kulikuwa na fangji mbili, zikabadilishana, na ile isiyotakiwa ilikuwa na asidi ya aristolochia. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo, figo za kweli safari hii, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kosa lilikuwa jina. Kwa hiyo nikisisitiza uandikiwe dawa kwa herufi za Kichina na jina la Kilatini, si ujuaji.

Nimeandikiwa ejiao. Ni nini?

Ni gundi ya ngozi ya punda, iliyochemshwa mpaka ikawa kipande cheusi kinachong'aa. Maarufu inatoka Dong'e, jimbo la Shandong, na hutolewa kwa "damu pungufu". Ladha si mbaya, inapikwa na tende nyekundu na ufuta.

Punda wa China walipopungua, ngozi zikatafutwa Afrika. Kenya iliruhusu machinjio manne kuanzia 2016. Wizi wa punda ukawa mkubwa hadi Februari 2020 serikali ikapiga marufuku, ingawa kesi ziliendelea mahakamani. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha biashara ya ngozi hizo bara zima. Anayeteka maji ya familia kwa punda ni mama, na punda wake ndiye anayechemshwa kutibu upungufu wa damu wa mama mwingine. Waambie wakuandikie kitu kingine, vipo. Kama damu kweli ni pungufu, madini ya chuma yanapatikana kila zahanati.

Dawa mseto ya malaria ilitoka kwa Wachina. Kwa nini hii nayo isifanye kazi?

Swali zuri kuliko yote. Tu Youyou alisoma maelekezo ya Ge Hong wa karne ya 4: majani ya qinghao yalowekwe kwenye maji, yakamuliwe. Hakuna kuchemsha. Akaelewa kwamba joto linaharibu kilichomo, akakitoa kwa kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, akakijaribu kwa wanyama, akakinywa mwenyewe kwanza, kisha kwa wagonjwa. Nobel ikaja 2015. Kilichotuponya ni kitabu cha zamani pamoja na hatua zote hizo za kujaribu. Kwa ovari, kitabu kipo. Majaribio ya namna hiyo bado hayajatoa kitu kama ALu, hiyo dawa mseto ya malaria.

Vile vidonge vya Kichina vya kuingiza ukeni, vya "kusafisha kizazi"?

Havimo katika kitu chochote nilichoeleza hapa. Vinaunguza, vinaleta uchafu ambao muuzaji anakwambia ndio ugonjwa unatoka. Kwa uke ambao tayari umekauka ni mateso. Tupa.

Lazima nije China?

Hapana. Timu za madaktari kutoka jimbo la Jiangsu zimekuwa zikija Zanzibar tangu 1964, na za Shandong zimekuwa Tanzania Bara tangu 1968, na mara nyingi ndani yake kuna mtu wa sindano. Uliza hospitali ya rufaa kabla ya kuuliza bango la barabarani. Nauli ya Guangzhou inatosha kulipia vipimo vyote, kipimo cha uzito wa mifupa, na homoni za muda mrefu.

Na kama nimeshaamua kuja, nibebe nini?

Majibu ya FSH yenye tarehe, hata kama ni mabaya. Picha ya kila boksi la dawa unayotumia, mbele na nyuma. Jina la sindano ya uzazi wa mpango na siku uliyochomwa. Homoni zako za miezi yote utakayokaa, kwenye begi la mkononi, si lile linalopita chini ya ndege. Soksi, kama ni Januari. Na ubuyu uache mpaka jioni.